Gari Nililolinyoosha kwa Macho

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita nilipomwambia mtu mwenye bastola kiunoni neno moja tu: "Imenyooka." Nililisema nikiwa nimesimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyejibu vizuri. Lilikuwa bongo, mwanangu. Uongo mtupu. Wala sikujua kuwa nasema uongo, na uongo wa namna hiyo ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu msemaji wake hana hata haya usoni.

Kaa. Wewe ulikuja kwangu Jumatatu na lile gari lako la zamani la mbio, milango miwili, limeshushwa hata kuku hapiti chini yake. Ukataka niinamishe tairi zake zote nne, vichwa ndani na miguu nje, ili lipendeze kwenye picha. Nikasema hapana. Ukasema, "Mama Zaina, weye njo wa zamani, siku hizi watu wanafanya hivi." Kisha ukaondoka na uso umevimba kama andazi. Sikukasirika. Mimi pia nimekuwa na umri wako, na ujuaji wangu ulikuwa mkubwa kuliko wako. Ila jibu langu halikubadilika, na leo nitakuambia lilikotoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mama yangu alikuwa mshonaji hapa hapa Kasuku, mtaa wetu wa Kindu, na tangu utoto niliweza kuona upindo wa gauni uliopinda nikiwa ng'ambo ya uwanja. Watu walisema Zaina ana rula ndani ya jicho. Sifa hiyo niliimeza nzima nzima, bila kutafuna.

Aliyenifundisha ufundi ni Papa Salumu. Huyu alikuwa mtu wa reli. Miaka thelathini alinyoosha vyuma vya njia ya treni, kuanzia kituo cha Kindu kwenda kusini. Vita vilipofika, treni ikakatika, chumvi ikawa inapimwa kwa kijiko, na Papa Salumu akasimamisha mabati manne kando ya njia ya reli, akaanza kutengeneza kilichobaki mjini: pikipiki, vinu vya kusaga muhogo, injini za mitumbwi, na magari machache ambayo hayakuibwa. Alinichukua kwa sababu ya lile jicho. Watu walicheka, mwanamke kulala chini ya gari! Nikawaacha wacheke. Aliye juu mngoje chini. Na mimi nilikuwa chini tayari, nikiwasubiri.

Papa Salumu alikuwa na neno alilolirudia kila wiki: "Jicho linakuonyesha pa kupima. Halipimi." Nilidhani anasema hivyo kwa sababu macho yake mwenyewe yalikuwa yameanza kuingia ukungu wa uzee. Unaona ujinga wa ujana? Mzee akikupa dawa, unafikiri anaeleza ugonjwa wake.

Sasa, gari lenyewe. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, la zamani hata siku zile. Lilikuja Kindu juu ya behewa la treni kabla ya vita, mali ya mfanyabiashara wa madini wa Kampene aliyependa kuonekana. Risasi zilipoanza kulia, yule bwana alivuka mto Lualaba kwa mtumbwi na nguo alizovaa, gari akaliacha. Mkubwa wa watu wenye silaha walioshika mji akalichukua. Jina lake sikulijua, wala sikutaka kulijua. Tulimwita Komanda.

Komanda naye alihitaji dereva, na watu wake wakamchukua kaka yangu Shabani. Hakuombwa. Alikuwa dereva mzuri, aliwahi kuendesha lori la muhogo barabara ya Kampene miaka mingi, basi wakaja nyumbani wakamwambia, toka leo unaendesha nyekundu. Ndiyo hivyo. Mama alilia, Shabani akamwambia, "Mama, afazali kuendesha gari kuliko kubeba masanduku yao ndani ya pori." Akaenda.

Asubuhi ile Komanda alifika garaji, Shabani kwenye usukani. Papa Salumu alikuwa nyumbani kwake, malaria imemwangusha siku ya tatu. Komanda akashuka, akalizunguka gari, akasema, "Nataka ishuke. Nataka ilale chini kama chui. Saa sita nakuja kuichukua."

Ningesema nini? Ningesema, fundi mkuu ni mgonjwa, tumsubiri. Ningesema, gari likishushwa lazima tairi zipimwe upya, na kazi hiyo haimalizwi kwa asubuhi moja. Yote hayo niliyajua. Papa Salumu alikuwa ameniagiza waziwazi, "Zaina, ya tairi uniachie mpaka nirudi." Lakini Komanda alikuwa ananitazama mimi, mwanamke, ananipa kazi mimi, na vijana wake wanasikia. Nikasema, "Saa sita itakuwa tayari."

Nikakata resori. Hizo ni zile chuma zilizojiviringa zinazobeba gari. Mbele nilikata pete moja na nusu, nyuma pete moja, kwa msumeno wa mkono, jasho likinitiririka. Gari likalala chini kweli, likapendeza, sikatai. Lakini ukishusha gari, mwanangu, hushushi bati peke yake. Tairi zinajikunja juu zikiingia ndani, na zile fimbo mbili zinazoziunganisha na usukani, ambazo zilikuwa zimelala sawa, zinainuka kwa mshazari na kuzisukuma tairi za mbele zitazame pembeni, moja huku, moja kule, kama miguu ya bata. Basi nikalegeza nati, nikazungusha fimbo ya kushoto, nikasimama mbele ya gari, nikafumba jicho moja, nikatazama. Nikazungusha ya kulia kidogo. Nikatazama tena. Uzi wa Papa Salumu ulining'inia ukutani, rula yake ya chuma ikiwa kwenye msumari wake. Sikuvigusa.

Saa sita nikasema lile neno.

Siku ya pili Shabani alipita nyumbani kunywa uji. Akaniita pembeni ya jiko. "Zaina, ile gari inavuta. Nikigusa breki inaruka kushoto kama imeona nyoka."

Nikamjibu, "Umezoea lori. Gari ya mbio inataka mikono laini."

"Miye nakuambia inavuta."

"Na miye nakuambia imenyooka. Mikono yako njo mbovu."

Alinitazama kidogo, akaweka bakuli chini, akaondoka. Mwanangu, nimezika wazazi, nimezika mume. Lakini kama Mungu angeniambia nichague neno moja la maisha yangu nilirudishe kinywani, ningechagua hilo.

Siku ya nne, barabara ya uwanja wa ndege, mbuzi alikatiza. Shabani akakanyaga breki. Gari likaruka kushoto, likaingia mfereji wa maji, na Komanda akapasua paji la uso kwenye kioo. Hakufa. Angekufa, nadhani nisingekuwa hapa kukusimulia. Aliinuka na damu machoni akasema Shabani ametumwa kumwua. Wakampiga pale pale, wakamvunja vidole viwili vya mkono wa kulia, wakamfungia ndani ya kontena la chuma bandarini, jua la saa nane likiwaka juu yake. Habari zikafika Kasuku kabla ya vumbi kutulia: kesho asubuhi watampeleka ukingoni mwa maji. Kila mtu alijua maana yake.

Nilikimbia mpaka kwa Papa Salumu. Alikuwa amejifunika blanketi mbili, meno yanagongana. Nikamwambia yote, pete nilizokata, jicho, lile neno, na jinsi nilivyomjibu kaka yangu. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Aliuliza swali moja.

"Uzi ulisema nini?"

"Sikuufunga, Papa."

Akasema polepole, na homa yake, "Mutoto wangu, kupotoka si kosa kubwa. Kila kitu kinapotoka, hata reli inapotoka kwa jua tu. Kosa yako njo hii: ulisema imenyooka, na ulipoambiwa inavuta, ulitafuta muntu wa kubeba makosa yako. Sasa amebeba. Amebeba mpaka ndani ya kontena." Akatupa blanketi moja. "Nani ataenda bandarini kusema?"

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kama ya panya.

"Basi lete baiskeli. Miye siwezi kutembea, na weye huwezi kusema peke yako kitu ambacho hukupima."

Nikamkalisha nyuma ya baiskeli, tukapitia garaji, nikaning'iniza kriki ya kuinulia gari na sanduku la funguo za nati kwenye usukani, nikaisukuma toka Kasuku mpaka bandarini, yeye akishika uzi wa kuvulia samaki, timazi ya madini ya risasi aliyotoka nayo reli, na ile rula ya chuma. Watu walituangalia njiani. Mwanamke mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, aliniambia, "Dada, rudi." Sikurudi. Nilikuwa naogopa, mwanangu, usidhani nakusimulia ushujaa. Lakini ndani ya woga ule kulikuwa na kitu kigumu kimeanza kukaa, kama kokwa ndani ya tunda. Nilikuwa nimechoka kusema yanayopendeza.

Gari lilikuwa limevutwa mpaka kwenye sementi ya gati, pale mizigo ilipokuwa inashushwa zamani. Bampa limepinda, taa moja imevunjika, basi. Komanda alikaa kwenye kiti cha mbao, kitambaa kichwani.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Nimekuja kusema kosa ya gari iko yangu. Haiko ya Shabani."

Akacheka bila kufurahi. "Njo ndugu yako. Kila dada anasema vile."

Hapo Papa Salumu akasema, akiwa bado ameshikilia baiskeli ili asianguke, "Komanda, hatukuja kuomba huruma. Tumekuja kupima. Sementi hii iko sawa, tuliimwaga na watu wa reli, ninaijua. Tupe saa moja."

Sijui kwa nini alikubali. Labda udadisi. Tukanyoosha uzi pande mbili za gari, tukaufunga kwenye mitungi ya mafuta iliyojaa mchanga, tukausogeza mpaka ukawa umbali mmoja toka katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kushoto na kulia. Nikashika rula mimi. Papa Salumu akaniambia nisome kwa sauti, wote wasikie. Gurudumu la kushoto, ncha ya mbele ya janti, ile chuma inayovaa tairi, ilikuwa karibu na uzi kuliko ncha ya nyuma kwa milimita sita. La kulia, tatu. Tairi zilikuwa zinatazama nje kila moja na safari yake, na si hata kwa kiasi kimoja. Jicho langu la rula, mwanangu! Milimita sita. Kipofu angefanya vizuri zaidi kwa kupapasa.

Komanda akasema, "Ni mufereji umepindisha."

Hoja nzuri, na nilikuwa na jibu, kwa mara ya kwanza jibu la kweli. Nikamwomba asogee. Nikamwonyesha fimbo ya usukani: nyuzi zake, ile mikato inayoshika nati, zilikuwa zinang'aa pale nilipozungusha, na fimbo zote mbili zilikuwa zimenyooka, hazikupindwa na kitu. Kisha nikamwambia, "Weka kidole hapa, ndani ya tairi. Ipapase."

Akaweka. Mpira upande wa ndani ulikuwa umechanika vidole vidole, kama meno ya msumeno.

"Mufereji haiwezi kula tairi namna hii kwa dakika moja," nikasema. "Hii ni siku nne. Gari ilikuwa inavuta toka siku niliyokupa. Shabani aliniambia siku ya pili. Nilimwambia mikono yake njo mbovu. Nilisema bongo."

Maji ya Lualaba yalikuwa yanapiga gati. Komanda akaninyooshea kidole. "Kwa hiyo weye njo ulitaka kuniua."

"Hapana. Nilitaka kukupendeza. Njo kosa yangu yote. Na weye ulitaka gari ishuke asubuhi na iwe tayari saa sita, na hapo hakuna fundi duniani anaweza. Hiyo njo sehemu yako."

Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Papa Salumu hakunigeukia, lakini niliona mkono wake ukikaza usukani wa baiskeli.

Komanda akasema, "Itengeneze. Hapa. Sasa."

"Nitatengeneza," nikasema, "lakini dereva wake atoke kwanza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu gari iliyoshushwa inapimwa na uzito wa watu wake ndani. Ikipimwa tupu, ukikaa inabadilika. Dereva akae kwenye kiti chake, na weye kwenye chako, na musitikisike."

Na hiyo ilikuwa kweli, mwanangu, kweli tupu ya ufundi. Sikubuni. Lakini niliposema nilijua nafanya nini, na Papa Salumu alijua pia, kwa maana aliinamisha uso akajifanya anakohoa.

Wakamtoa Shabani. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Nikasema, "Apewe maji kwanza. Muntu mukavu ana uzito mwingine." Hapo ndipo nilipodanganya kidogo, Mungu anisamehe, ila siku ile sikuona tena haja ya kuomba ruhusa. Akapewa maji. Akaketi kwenye usukani, mkono wake uliovunjika juu ya paja. Hakunitazama.

Basi fikiria, Komanda wa mji mzima amekaa ndani ya gari jekundu jua la alasiri, ameshika magoti, na mimi niko chini nampigia kelele, "Usiegemee mulango! Kaa katikati!" Na yeye anakaa katikati. Vijana wake waligeukia mtoni wasicheke mbele yake. Kabla ya kugusa nati yoyote tulilisukuma gari mbele na nyuma mara tatu ili resori zitulie, tukajaza pumzi tairi zote sawasawa. Tukaanza na magurudumu ya nyuma, kwa kuwa mbele hufuata nyuma kama mtoto amfuatavyo mama. Timazi ikatuonyesha ulalo, jinsi kila tairi ilivyoegemea ndani, tukausawazisha kushoto na kulia kadiri chuma ilivyoruhusu. Mwisho zile fimbo, robo ya mzunguko, tukasukuma, tukapima, robo nyingine, mpaka tairi za mbele zikawa zimefunga kwa milimita moja moja, zikitazamana kidogo tu, kwa sababu barabara zetu za mashimo huzifungua zenyewe gari likikimbia. Ilichukua karibu saa mbili. Nilipofunga nati ya mwisho, nilipima tena. Papa Salumu akapima baada yangu. Ndipo nikasema, "Imenyooka," na safari hii neno lilikuwa zito mdomoni.

Shabani akaendesha kwa mkono mmoja kandokando ya gati. Akauachia usukani. Gari likaenda kama limeshikwa na reli. Akapiga breki. Likasimama pale pale, pua mbele.

Ungesema hadithi imekwisha. Haikwisha. Komanda alishuka, akatabasamu, akalitazama gari, akasema, "Vizuri. Sasa kata tena pete moja. Bado iko juu."

Nikasema, "Hapana, Komanda."

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana. Fimbo zimebakia nyuzi tatu. Ukishusha tena, tairi zitafunguka na hakutakuwa na kitu cha kuzungusha. Sitakata."

Akaitoa bastola, akaiweka juu ya boneti. Taratibu, kama mtu anayeweka kikombe. "Sema tena."

Mwanangu, ningependa kukuambia nilifikiri jambo kubwa. Nilifikiri tu kwamba chuma haina woga. Chuma haimjui mkubwa wala mdogo, haijali nani anashika bastola. Ikifika mwisho wa nyuzi imefika. Na kama chuma imesema hapana, mimi nitasemaje ndiyo? Nilishasema ndiyo mara moja.

"Sitakata," nikasema. "Unaweza kupiga. Nyuzi zitabaki tatu."

Papa Salumu alikuwa ameketi chini, homa imemrudia. Akasema toka pale chini, "Miye njo nilimufundisha. Na miye sitakata vilevile."

Komanda alinipiga kofi moja. Sikio hili la kushoto halijasikia vizuri toka siku ile. Akaagiza watu wake wachukue kriki yetu na sanduku zima la funguo, na wakachukua. Kisha akamtazama Shabani, akanitazama mimi, akasema, "Muondoke na huyu. Sitaki dereva wa familia ya watu wabishi." Tukaondoka. Shabani na mimi tukisukuma baiskeli, Papa Salumu juu yake akitetemeka, bila funguo hata moja. Sikuwahi kutembea Kindu nikiwa mrefu kama jioni ile.

Pete ile ilikatwa, na kijana mmoja wa Komanda, kwa msumeno butu. Baada ya wiki mbili tairi zilikuwa zimelika upande wa ndani mpaka waya zinaonekana, na tairi nyingine zingetoka wapi, treni haiji? Walipoondoka mjini waliliacha gari bandarini, limekaa kwa tumbo. Kuku walitaga ndani.

Lakini Shabani hakuzungumza nami miezi mitatu. Ndiyo. Nilimtoa kwenye kontena, na bado hakuzungumza nami, na alikuwa na haki. Siku moja tukiwa tunamenya muhogo kwa mama, akauliza bila kuinua uso, "Siku ya pili nilikuambia inavuta. Kwa nini hukunisikiliza?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nikayaacha yote. "Kwa sababu nilijipenda kuliko wewe," nikamwambia. "Nisamehe, yaya, kaka yangu."

Akamenya muhogo mwingine mzima. Kisha akaniambia, "Pitisha kisu hiki huko, kimekuwa butu." Mama akacheka, tukacheka. Shabani yuko ng'ambo ya mto, Alunguli, na vidole vyake viwili vimekauka, na kila sikukuu huvuka kuja kula kwangu. Papa Salumu alikufa baada ya vita, kitandani mwake, amezungukwa na wajukuu. Kifo hicho nacho ni ushindi, kwa sisi tulioziona siku zile.

Sasa nirudi kwako, mwenye gari.

Umeniambia siku hizi kuna mashine ya taa inayopima tairi yenyewe. Ilete! Nitaitumia kabla yako. Sina ugomvi na mashine. Nina ugomvi na mtu anayepima kisha akaficha kipimo. Gari lako ni zuri, na lisiwe na aibu kuwa chini, mradi uache barabara zetu zikufundishe adabu. Lakini sikiliza. Tupa hizo resori zilizokatwa, tafuta fupi zilizotengenezwa kuwa fupi. Kabla ya kupima, tikisa kila kiungo. Kiungo kilicholegea kikipimwa leo, kesho kinasema kingine. Uje na huyo unayembeba kila siku kiti cha pembeni, mkae wote wawili. Tairi za mbele nitazifunga kidogo, milimita moja kila upande, ulalo nitakupa kidogo, sawa kwa sawa kushoto na kulia. Baada ya wiki urudi nipime tena, maana chuma mpya hukaa. Ukitaka tairi zilale kama mtu mlevi kwa ajili ya picha, nenda kwingine. Mimi hapana. Uliniita wa zamani. Nimekubali, mimi ni wa zamani, na bado hapana.

Na hili si la gari peke yake. Utakuwa na kazi, utakuwa na mke, labda siku moja utakuwa na watu chini yako. Usiseme kitu kimenyooka kabla hujakipima, hata kama anayekusubiri ana haraka, hata kama ana bunduki. Mtu akikuambia kinavuta, msikilize yeye kabla ya sifa zako, hasa akiwa ndiye anayekiendesha. Ukikosea, nenda ukaseme mwenyewe kabla mwingine hajafungwa kwa ajili yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mara nyingi kifo hicho huanza na mtu asiye na hatia. Na ukishajua kweli, mwanangu, simama juu yake hata mguu ukitetemeka. Kutetemeka si kurudi nyuma. Wenye nguvu wamepita hapa Kindu, kundi baada ya kundi, wakituambia tuseme ndiyo. Sisi tupo. Wao wako wapi?

Nenda, Mungu akutangulie barabarani na akulinde nyuma. Akupe mikono yenye subira na kinywa kisichouza ukweli kwa makofi ya watu. Usikose wa kukukemea ukiwa kijana, wala wa kukuvusha mto ukiwa mzee. Na watoto watakaotoka kwako wasimpigie magoti mtu yeyote, isipokuwa Yeye aliyewaumba. Amina.